Nimefika Hapa

Jumamosi moja baada ya alasiri nilikuwa Darajani nanunua nazi. Muuzaji anazigonga moja moja kwa mgongo wa kisu na kuzisikiliza, mimi nangoja, na nilipoinua kichwa nikamwona kijana wangu wa darasani anakuja kutoka upande wa wauza mbatata. Nikamnyanyulia mkono. Aliniona. Nina hakika aliniona, kwa sababu alisita, akainama, akajifanya anafunga kamba za viatu.

Alikuwa amevaa makubadhi.

Kisha akapotea nyuma ya magunia. Nilisimama pale na nazi zangu nne, na mwenye nazi akanicheka: "Yule unamwia nini, dada?"

Simwii hata thumni. Tunatengeneza programu pamoja, programu huria, bila ya malipo, wikendi kwa wikendi. Kuna kazi moja aliyotia jina lake akaahidi kuimaliza, na hajaimaliza. Basi. Lakini alinikimbia kama mtu anavyomkimbia mdai wake, na jambo hilo limenikaa kifuani wiki nyingi kabla ya kuandika haya.

## Daftari la mama

Mama yangu ni kijumbe, mshika daftari wa mchezo wa kupeana fedha kwa zamu, tangu mimi niko skuli ya msingi. Daftari lake lilikuwa na safu ya majina, safu ya miezi, na alama za vema kwa kalamu nyekundu. Mwanachama akichelewesha mchango, mama hakupiga kelele wala hakutuma mtu. Alijifunga kanga, akaenda hadi nyumbani kwake, akakaa barazani, akaomba maji ya kunywa, akauliza habari za watoto mmoja mmoja kwa majina, akaaga. Fedha hakuzitaja. Zilifika nyumbani kabla ya magharibi.

Nilipoanza kufundisha usimamizi wa miradi kwa vijana wa programu huria, vitabu vyangu vya chuo havikunisaidia sana. Vimejaa chati za muda, bajeti, mkuu wa mradi, nani anaripoti kwa nani. Yote hayo yamesimama juu ya nguzo moja, kwamba mtu analipwa, na asipofanya kazi mshahara unaweza kukatwa. Wangu hawana mshahara wa kukatwa. Wengine hawana hata nauli ya daladala, huja kwa miguu kutoka Kwahani.

Nikaona basi nitafundisha kile ninachokijua kwetu. Nitafundisha ukijumbe. Jina, kazi, tarehe, vema nyekundu. Darasa lilipenda sana. Walicheka, wakasimulia vijumbe wa mitaani kwao, na kwa mara ya kwanza nikaona nyuso zimeelewa kwa nini mradi unahitaji mtu wa kushika daftari. Miezi mitatu ya mwanzo kazi zilikwenda vizuri mno, nami nikajiona hodari.

Sikuona kuwa nimewafundisha deni.

## Saa sifuri asubuhi

Programu yetu inaonyesha maji. Kupwa na kujaa kwa pwani za Unguja na Pemba, siku kwa siku, kwa wakulima wa mwani, wavuvi, na yeyote anayetaka kujua kama atavuka kwa miguu au atangoja. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti baina ya maji makuu na kupwa hapa kwetu hufika kama mita 4, na mwenye shamba la mwani hana budi kulifuata bahari inapolifunua. (Mama mmoja wa Jambiani tulipomwonyesha simu alitazama kwa adabu, akasema: "Mimi mwezi nauona, mwanangu." Bintiye ndiye aliyeipakua.)

Watu kumi na mmoja tunajitolea. Msimbo, yale maagizo tunayoiandikia kompyuta, uko wazi, kila mtu anaweza kuuona na kuubadilisha. Sisi wenyewe husema kodi, na mama kila akisikia huuliza tunadaiwa na nani.

Toleo la kwanza lilikuwa na hitilafu ya kuchekesha. Kompyuta inahesabu saa tangu usiku wa manane, sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza na linapozama. Mtu aliyeandika sehemu ile alifanya hesabu ya haraka: chukua saa ya kompyuta, toa 6, gawa kwa 12, ushike kinachobaki. Saa 7 inakuwa saa moja, saa 13 inakuwa saa saba, raha mustarehe. Lakini jaribu 6. Sita toa sita, sifuri. Jaribu 18. Kumi na mbili gawa kwa kumi na mbili, hakuna kinachobaki. Asubuhi moja simu ya mvuvi mmoja wa Kizimkazi ikaonyesha: *Maji kujaa saa 0:12 asubuhi.* Akatupigia kuuliza kama hiyo ndiyo saa ya Wazungu.

Hitilafu ile tukaiandika kwenye orodha, kazi namba 14: kurekebisha saa za Kiswahili, pamoja na kuziwekea majina sahihi, alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku. Kijana wa makubadhi, ambaye kuanzia hapa nitamwita Bwana Saa, alinyosha mkono kabla sijamaliza kusoma.

"Hii niachie mimi, Mwalimu. Jumatano itakuwa tayari, inshallah."

Jumatano saba zikapita.

Kilichonishangaza si ukimya wake. Ni kelele za wengine. Wiki tatu nzima kikundi chetu kilijadili alasiri inaisha lini na jioni inaanza lini. Mmoja anasema jioni ni baada ya saa kumi na moja, mwengine anasema mpaka uone jua linashuka, wa tatu anauliza kama alfajiri iwe ya saa au ya adhana, maana adhana inahama kila siku. Ujumbe zaidi ya mia. Nilikumbuka kisa cha mwaka 1999 katika jamii ya FreeBSD, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, ambapo pendekezo dogo la kuiruhusu amri ya kulala, ile inayoiambia kompyuta ingoje, ikubali sehemu za sekunde lilizua mabishano marefu mno, hadi mwenzao Poul-Henning Kamp akawaandikia barua mashuhuri kuhusu banda la baiskeli. Mfano wenyewe aliuchukua kwa Parkinson, mwandishi wa Kiingereza, aliyeuandika mwaka 1957: kamati inapitisha mtambo wa nyuklia bila ya neno, kwa sababu hakuna anayeuelewa, kisha inagombana juu ya banda la baiskeli, kwa sababu kila mtu amewahi kuliona banda.

Alasiri ilikuwa banda letu. Kila mtu ana alasiri yake.

Saa sifuri, ambayo ndiyo iliyokuwa ikimpoteza mvuvi, haikuguswa na mtu. Ina jina la mtu pale. Kwetu mtu akishatia jina, kumgusia kazi yake ni kumvunjia heshima. Kwa hiyo watu kumi wakaizunguka kazi ile kama wanavyozunguka gari lililozimika njiani, kwa upole, bila ya kupiga honi.

Mimi nikafanya alivyofanya mama. Nikamtumia ujumbe: hujambo, habari za nyumbani, bibi amepata nafuu? Akajibu vizuri, bibi hajambo, na kwamba "nakaribia kumaliza Mwalimu". Baada ya wiki nikauliza tena habari za bibi. Mara ya tatu alama mbili zikageuka buluu na jibu halikuja.

Ya nne ilikuwa Darajani.

## Anamwambia nani?

Kuna binti anayeungana nasi kutoka Wete kwa simu. Mtandao wao ukikatika hupotea katikati ya sentensi, lakini anachosema kabla ya kukatika huwa kimepimwa. Katika somo la majukumu aliuliza:

"Mwalimu, mtu akitia jina lake kisha akashindwa, anamwambia nani?"

"Anamwambia msimamizi."

"Lakini msimamizi ndiye anayemdai."

Nikasema tutaendelea wiki ijayo. Wiki iliyofuata nilifundisha kitu chengine.

Niseme ukweli wa yale yaliyonipitia kichwani mwezi ule. Kwanza nililaumu inshallah. Wageni wanaokuja kutufundisha mambo ya miradi hupenda sana kulitaja neno hilo na kutabasamu, na miaka yote nimelitetea. Mwezi ule nilikaribia kujiunga nao. Kisha nikakumbuka kuwa wanachama wa mama wote husema inshallah, na wote hulipa. Neno halina kosa.

Halafu nikawalaumu vijana. Halafu nikajilaumu mimi, na hapa ndipo nilipokwama muda mrefu zaidi.

Mimi ni nani hata nimfuate mtu asiye na ajira, nimuulize kwa nini hajanifanyia kazi ya bure? Tunapenda kuwasimulia vijana habari za Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki aliyetangaza mwaka 1991 kuwa anatengeneza mfumo wa kuendeshea kompyuta kwa kujifurahisha tu, na leo mfumo huo, Linux, dunia inautegemea. Hatuwaambii kuwa sehemu kubwa ya msimbo wa Linux sasa inaandikwa na watu walioajiriwa na makampuni kuuandika. Mwanafunzi mmoja aliniambia bila ya kuficha: "Wenzetu wanajitolea wakiwa wameshiba." Nilitaka kumjibu, sikupata jibu, na hadi leo sinalo. Ninachoweza kusema ni kwamba baadhi yao wamepata kazi kwa sababu ya msimbo wao kuonekana na watu, na kwamba hiyo si sababu ya kumkalia mtu barazani.

Rafiki yake ndiye aliyenieleza. Bwana Saa alipata kazi ya mapokezi katika hoteli moja huko kaskazini, zamu ya usiku. Anaingia saa mbili, anatoka asubuhi, analala mchana. Alikuwa na furaha ya kazi na aibu ya namba 14, na aibu ikashinda. Alisita hata kuniambia kuwa ameajiriwa, maana ningeuliza.

Wiki saba alikuwa na habari njema asiyoweza kuitoa.

## Mayatima

Nimetumia Debian, mfumo mmoja uliojengwa juu ya Linux, miaka kumi na zaidi. Ilianza mwaka 1993, inaendeshwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, na ina maelfu kwa maelfu ya vifurushi vya programu, kila kimoja na mtunzaji wake. Nilijua pia, kama mtu anavyojua rangi ya mlango wa jirani bila ya kuuwazia, kwamba wana orodha rasmi ya vifurushi ambavyo mtunzaji wake ameandika: siwezi tena. Kifurushi hicho huitwa yatima. Kuna safu ya mayatima, safu ya wanaotafuta mlezi mpya wakati bado wanakitunza, safu ya wanaoomba msaidizi tu. Na wapo watu wanaowatafuta watunzaji walionyamaza, wakawauliza kwa utaratibu kama bado wapo, na wasipojibu kifurushi huachiwa wengine.

Kushindwa kumewekewa mlango. Unaufungua, unaandika mistari mitatu, unatoka.

Miaka yote hiyo sikuwahi kuufundisha mlango huo. Nilifundisha jinsi Debian wanavyopiga kura kila mwaka kumchagua kiongozi, kwa sababu kura inavutia. Nilifundisha jinsi Guido van Rossum alivyoachia uongozi wa Python, lugha ya kuandikia programu aliyoibuni mwenyewe, mwaka 2018 na nafasi yake kushikwa na baraza la watu watano. Nililifundisha kama somo la uongozi. Sasa nikilitazama, ni mtu aliyechoka na akasema amechoka, na jambo lake halikufa.

Ambaye hakupata pa kushushia mzigo ni mtunzaji wa xz. Ni programu ndogo ya kubana mafaili, imejificha ndani ya mifumo mingi ya Linux, na kwa miaka ilitunzwa na Mfini mmoja, Lasse Collin, karibu peke yake. Mwaka 2022 watu wakaanza kumsukuma hadharani: mbona matoleo yanachelewa, mbona hujibu. Akajibu kwamba amekuwa na matatizo ya afya ya akili, na akawakumbusha kuwa ile ni kazi ya mapenzi isiyo na malipo. Waliomsukuma hawakulegeza, na baadhi yao sasa wanashukiwa kuwa walikuwa ndani ya njama. Pembeni palikuwa na msaidizi mpole, mwenye bidii, anajiita Jia Tan. Akapewa mamlaka kidogo kidogo. Mapema mwaka 2024 matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa siri ndani yake, na dunia iliokoka kwa sababu mhandisi mmoja, Andres Freund, aliona kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kama nusu sekunde, akataka kujua kwa nini.

Nilipokisoma kisa hiki mara ya kwanza nilishughulika na mlango wa siri. Safari hii nilibaki kwenye mwaka 2022. Niliyasoma tena maneno ya wale waliokuwa wakimfuata, na mengine yalikuwa ya adabu kabisa.

Habari za nyumbani. Bibi amepata nafuu?

## Khitma

Katikati ya hayo nilivuka kwenda Pemba kwenye khitma ya shangazi yangu, kisomo cha Qur'ani nzima kwa marehemu, kijiji kimoja nje ya Wete. Boti hadi Mkoani, kisha gari. Wanaume wako nje barazani, sisi wanawake ndani kwenye mikeka, udi umefukizwa, na sanduku la juzuu likapitishwa.

Sanduku lile ni la zamani kuliko mimi. Juzuu thelathini, ndiyo mafungu ya Qur'ani nzima, majalada yamegandishwa upya kwa gundi na vipande vya kitambaa. Hakuna anayegawa kwa majina. Unanyosha mkono, unachukua moja, unasoma kwa kasi yako. Ukimaliza unairudisha, na kama zimebaki unachukua nyengine. Anayesoma haraka humaliza tatu, bibi asiyeona vizuri anasoma nusu, na khitma inatimia.

Karibu yangu alikaa mama mmoja na mtoto mchanga. Alikuwa katikati ya juzuu yake mtoto alipoanza kulia, kilio kile cha njaa kisichobembelezeka. Akaweka kidole kwenye aya aliyofika, akamgeukia mwanamke wa pembeni, akampa juzuu ikiwa wazi na kidole bado kipo.

"Nimefika hapa."

Yule akaweka kidole chake pale pale, wa kwanza akaondoa chake, akanyanyuka na mtoto. Hakuomba radhi. Hakuulizwa atarudi lini. Aliporudi, mtoto amelala begani, hakuidai juzuu yake. Alinyosha mkono sandukuni akachukua nyengine.

Mungu anisamehe, kwa muda nilisahau kusoma yangu.

Vidole viwili kwenye aya moja. Jinsi kimoja hakikuondoka mpaka chengine kilipofika.

Usiku ule nikiwa kitandani nikawa nakumbuka na khitma za simu, zile ambazo ndugu wa Muscat na wa London hushiriki. Orodha ya 1 hadi 30 inatumwa kwenye kundi, unainakili, unatia jina lako mbele ya namba, unairudisha. Wawili wakinakili dakika moja, jina la mmoja linafutika, na usiku watu wanagundua juzuu ya 17 haina mtu. Hiyo ndiyo migongano ambayo Git, programu ya kutunza mabadiliko ya msimbo aliyoitengeneza Torvalds mwaka 2005, inakugombeza kabla hujaifanya, na nimepoteza saa nyingi kuifundisha kwa michoro ya mishale. Na juzuu gani huchukuliwa kwanza? Ya thelathini, maana kila mtu ameihifadhi tangu chuo cha Qur'ani. Za katikati hubaki. Kwenye orodha yetu ya kazi vilevile, kubadilisha rangi ya kitufe hupata watu watano.

Mimi nilitoka Unguja na daftari la mama mkononi, na jibu la binti wa Wete lilikuwa Wete.

## "Imebaki kidogo"

Somo la kwanza la msimu huu lilikuwa hivi. Kila mmoja alichukua kazi ambayo nilijua haiwezi kumalizika siku ile. Baada ya dakika 20 nikapiga kofi: mikono juu. Sasa andika umefika wapi, mpe wa kulia kwako, usiseme naye neno.

Lilikuwa vurugu. Karibu wote waliandika *imebaki kidogo*. Waliopokea walitazama skrini kama watu walioachiwa sufuria jikoni bila ya kuambiwa kama chumvi imetiwa. Kijana mmoja aliandika "iko sawa ila haifanyi kazi". Tukacheka, tukarudia. Mara ya tatu mtu akaandika: *Nimeongeza kituo cha Mkoani kwenye orodha. Cha Wete sijakigusa. Ukifungua ramani, nukta ya Mkoani inatokea Uhispania, nadhani nimegeuza latitudo na longitudo, angalia mstari wa 52.* Wa kulia kwake akafungua mstari wa 52, akabadilisha namba mbili, nukta ikarudi Pemba. Dakika moja. Darasa zima lilipiga makofi kwa kazi ambayo aliyeianza hakuimaliza.

Sijawahi kuona hilo likipigiwa makofi.

Hayakupita yote salama. Mwanafunzi mmoja ambaye pia anasomesha chuo cha Qur'ani alinifuata baadaye, akaniambia kwa upole kuwa khitma ni ibada, nisiifanye chombo cha kufundishia kompyuta. Nililikubali. Darasani sasa nasema sanduku, na anayelijua sanduku analijua. Mwengine, mzaliwa wa Songea, hajawahi kuhudhuria khitma maisha yake, lakini alikuwa amechora ramani za OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, na akatueleza jinsi kule eneo linavyokatwa miraba: unachagua mraba, unafungwa kwa jina lako wengine wasiuguse, na usipoumaliza ndani ya muda uliowekwa unafunguka wenyewe. Hakuna anayekuja kukuuliza.

Hilo tumelichukua kama lilivyo. Jina likikaa kwenye kazi bila ya neno lolote kutoka bamvua moja hadi bamvua nyengine, kama wiki mbili, linadondoka. Hakuna ujumbe, hakuna habari za bibi. Ukitaka unalirudisha.

Mama nilimsimulia. Alisikiliza hadi mwisho huku anachambua mchele, akasema: "Mchezo wa namna hiyo hauendi mwezi."

Ana haki yake. Ada ya seva tunachanga kila mwaka, na hiyo siitii sandukuni, hiyo ina daftari na vema nyekundu, kwa sababu ni fedha na ina tarehe. Na kuna kazi tatu sasa ambazo zimepita mikono mitano kila moja, kila mkono umeacha maelezo mazuri, na hakuna iliyokwisha. Binti wa Wete alizisoma zote akasema, kabla mtandao haujamkata: "Mwalimu, tunakusanya barua za kwaheri." Nimeanza kufikiri kuwa mkono wa sita uwe wa kuketi wawili pamoja. Tutaona.

## Namba 14, na namba 3

Kwa Bwana Saa niliandika ujumbe usio na salamu za kuzunguka. *Namba 14 nimeirudisha sandukuni, jina lako nimelitoa. Hudaiwi. Hongera ya kazi.* Siku mbili kimya. Usiku wa tatu, saa tisa, wakati watu wa mapokezi wanapopigana na usingizi, lilikuja faili. Mistari kama arobaini ya msimbo, safi kuliko nilivyotarajia, na chini yake:

*Nimefika hapa. 6 na 18 bado zinatoa 0. Nadhani ni kwenye ile kugawa kwa 12. Alasiri sijui niiweke wapi, kila nikisoma kundi nachanganyikiwa zaidi.*

Binti wa Wete aliichukua jioni yake. Aliongeza mstari mmoja: kinachobaki kikiwa 0, andika 12.

Wiki saba kwa mstari mmoja. Alasiri bado inabishaniwa.

Nilipokuwa naifunga namba 14 macho yakapanda juu kwenye orodha, hadi namba 3. Mwongozo kwa wachangiaji wapya. Jina lililopo ni langu, tangu kabla ya Ramadhani. Watu kumi wameizunguka miezi yote hiyo kwa upole, bila ya kupiga honi, na baadhi yao huniuliza habari za mama.

Nikaandika: *Nimefika hapa. Kurasa 9 zipo. Sehemu ya kusakinisha kwenye Windows sijaianza, kwa sababu sina kompyuta yenye Windows na niliona haya kusema. Sehemu ya leseni niliinakili kutoka mradi mwengine, inataka kusomwa upya.* Nikalifuta jina langu.

Leo ni siku ya kumi na moja. Hakuna aliyeichukua.